Kukombolewa kwa Kipaza Sauti cha Bweri

Sogeeni, enyi nyote mnaokula kwa jasho la makoo yenu! Sogeeni, wanadi wa mitumba wa mnadani, makatekista wa jumuiya, wapiga debe wa stendi ya Bunda, walimu wa kwaya, na ninyi washereheshaji msioweza kuombea chakula bila kusema "makofi tafadhali". Punguzeni redio, mezeni mate, mkae kitako, kwa maana jambo linalokuja si la kusikilizwa na mtu aliyesimama mguu mmoja mlangoni. Hamtasikia hapa habari za majemedari waliovuka mito na kuteka miji. Hao wamekwisha kusifiwa, na wengi wao walikuwa na watu wa kupiga kelele kwa niaba yao. Mtasikia habari za Dorotea binti Masatu, Ngurumo ya Bweri, Mtiisha Mia na Thelathini, mwalimu wa Darasa la Kwanza, ambaye alikikomboa kipaza sauti cha shule kutoka utumwani, akakitia betri, akakiwasha.

Ilikuwa katika shule moja ya msingi pale Bweri, pembezoni mwa mji wa Musoma, ambako nyumba mpya huota kama uyoga na kila nyumba hupeleka watoto wake shuleni bila kuuliza kama wapo wa kuwapokea. Vyumba viwili viligawana paa moja la bati, na ukuta uliovitenga uliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, kwa kuwa dari iliahidiwa katika hotuba na haikuwahi kufika. Upande wa huku alitawala Dorotea, na majeshi yake mia na thelathini na ushee, wanne kwa dawati, waliobaki sakafuni. Upande wa kule alitawala Nyamburi, Bwana wa Majedwali, mwalimu wa hisabati wa Darasa la Tatu, mtu mwenye kifua kipana na huruma nyingi, ambaye hata salamu aliitoa kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

Kila asubuhi vita viliwaka. Dorotea alikaza mguu, akavuta pumzi, akairusha "ba be bi bo bu" kwa nguvu ya kuwafikia walioketi chini ya dirisha la nyuma. Nayo ikapanda, ikavuka ukuta, ikawaangukia watu wa Nyamburi vichwani. Nyamburi hakukubali kuvamiwa. Alijibu kwa "mbili mara tatu!" iliyotikisa misumari ya bati. Dorotea akaongeza sauti, Nyamburi akaongeza yake, na hakuna aliyewahi kushinda. Matokeo yake watoto wa Darasa la Kwanza walilijua jedwali la pili kabla ya kuijua herufi ya pili, na mtoto mmoja wa Darasa la Tatu, alipoulizwa mbili mara tatu ni ngapi, alijibu kwa uhakika mkubwa, "Bu." Mvua tu iliponyesha juu ya bati ndipo pande zote mbili ziliweka silaha chini na kuwaambia watoto walale juu ya madawati.

Na silaha ya kumaliza vita hivyo ilikuwapo! Ilikuwapo, enyi wasikilizaji, hatua chache tu kutoka uwanja wa mapambano. Samweli, aliyesoma shuleni hapo zamani na sasa ana duka la vifaa vya umeme Bunda, alileta kipaza sauti cha mkononi, chekundu kwa cheupe, chenye mkanda wa kuvaa begani, akasema kwa kifupi, "Hiki ni cha walimu wangu, wasiumie makoo." Mwalimu Mkuu Pastory, Mlinzi wa Kabati, Mpokea Wageni, alikipokea kwa hotuba ndefu aliyoitoa kupitia kipaza hichohicho, kisha akakifungia kabatini. Kuanzia siku hiyo kikawa cha wageni. Afisa mmoja alipokuja kukagua, alipewa akitumie kuwahutubia walimu kumi waliokuwa wameketi mbele yake goti kwa goti, hata wale wa mstari wa mbele wakaziba masikio kwa adabu. Wakati huohuo, Dorotea alikuwa ng'ambo ya uwanja akiwapigia kelele watoto mia na thelathini kwa koo alilopewa na mama yake.

Ikasadifu Jumatatu moja, baada ya mstari wa asubuhi, Ngurumo ya Bweri alipofumbua kinywa kuirusha "ba", pakatoka upepo. Akajaribu tena. Pakatoka mlio wa bawaba ya mlango wa stoo. Majeshi yakacheka, yakaanza kupigana rula, na Darasa la Kwanza likaanguka mikononi mwa adui kabla ya saa tatu.

"Sauti imekauka," wakasema walimu wenzake. Neno hilo ndilo lililomponza, kwa sababu watu wa Mara ukiwaambia kitu kimekauka hawaulizi mara mbili, wanakimwagilia. Akaletewa supu ya kichwa cha sangara, mafuta yakielea juu. Akaletewa samli kutoka kwa wafugaji wa Butiama, akainywa kwa kijiko huku amefumba macho. Akameza yai bichi la kuku wa kienyeji, maana la kisasa, alivyoambiwa, halina nguvu ya kushuka. Gaudensia, mwalimu wa Darasa la Pili na mwanajumuiya mwenzake, akamletea asali, akarudi na tangawizi, akarudi tena kuhakikisha vyote vimemezwa. Kufikia Ijumaa mwili mzima wa Dorotea ulikuwa umelainika, isipokuwa mahali palipokusudiwa.

Hapo akapanda bodaboda hadi Musoma mjini, kwa Daktari Brenda, mtaalamu wa masikio, pua na koo, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Daktari akampitishia kijikamera kooni, akatazama, akashusha pumzi.

"Mama, humu hakijakauka kitu. Zile nyuzi zako za sauti zimeota sugu, kama kiganja cha mtu wa jembe. Unafanya kazi gani?"

Dorotea akamwonyesha vidole vyeupe kwa chaki.

"Mwalimu. Darasa la ngapi?"

Dorotea akainua kidole kimoja.

"Pole sana," akasema daktari, na kwa mtu wa aina yake hilo lilikuwa sawa na kulia. "Sasa sikiliza. Ukipiga kelele hivi mpaka mwaka uishe, sauti hii hairudi yote. Tunaweza kupasua, lakini hata tukipasua siahidi. Wiki mbili usiseme. Baada ya hapo sema kidogo, kwa sauti ya kawaida, na wakutafutie kipaza sauti. Dawa yangu ni hiyo."

Dorotea akaogopa. Tumemcheka na tutazidi kumcheka, ila hapa aliogopa kwelikweli. Hakujua kazi nyingine wala hakuitaka. Kulikuwa na siku moja kila mwaka, isiyo kwenye kalenda wala kwenye ratiba ya wageni, mtoto anapoweka "ba" mbele ya "ba" nyingine, anatulia, anayatazama maandishi yake, kisha anapiga ukelele kwamba ameandika baba. Kwa ajili ya siku hiyo alivumilia mambo mengi. Kama sauti haitarudi, watampa kazi ya stoo, ya kutunza majembe na fagio, na siku hiyo itamwangukia mtu mwingine.

Akarudi shuleni. Kwa kuwa hakuweza kusema, Nyamburi akajitolea kuwa balozi wake, akaingia ofisi ya Mwalimu Mkuu akiwa amevaa koti.

"Mkuu," akanena Nyamburi, na madirisha yakaitika, "huyu mama tunammaliza. Mimi mwenyewe nilikuwaga nashindana naye, kumbe mwenzangu anaumwa. Mpe ruhusa apumzike. Na akirudi mpe kile kipaza. Si kinakaaga tu?"

Pastory akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mwalimu Nyamburi, nimekusikia, na nadhani hata wavuvi wa ziwani wamekusikia. Ruhusa haipo, maana Darasa la Kwanza nani atalishika? Na kile kipaza ni kitu cha heshima. Leo nikitoe kwa Darasa la Kwanza, kesho Darasa la Pili watakitaka. Akija mgeni tutamkabidhi nini? Mdomo?"

Ubalozi ukashindwa. Ikabidi shujaa aingie vitani bila silaha, akiwa ameapa kutii amri ya daktari. Akanyamaza. Yaani, alinong'ona. Msimlaumu, kwa maana katika nchi hii nzima hakuna anayehesabu kunong'ona kuwa ni kusema. Mtu atamnong'oneza jirani siri ya ukoo mzima pale kwenye foleni ya maji, na akiulizwa baadaye ataapa mbele ya padri kwamba yeye hajasema neno.

Lakini kunong'ona kunaambukiza kuliko mafua. Dorotea alimwinamia Nyamburi ofisini, akamnong'oneza, "Nipe chaki." Nyamburi, ambaye tangu ubatizo wake hakuwahi kushusha sauti, naye akainama, akanong'ona, "Ya rangi au nyeupe?" Gaudensia akapita, akaona vichwa viwili vimegusana, akasogea na kunong'ona, "Kuna nini?" Dorotea akamnong'oneza kwamba hakuna kitu. Na hilo, wapenzi wasikilizaji, ndilo jibu ambalo hakuna mtu yeyote duniani amewahi kuliamini likinong'onwa. Kufikia katikati ya wiki walimu wote walikuwa wakiongea kwa pumzi. Waliagizana maandazi kwa kunong'ona. Waliulizana saa kwa kunong'ona, huku wakitazama mlangoni.

Na minong'ono katika ofisi ya walimu ina jina moja tu. Inaitwa majungu.

Pastory aliingia, wakanyamaza. Alitoka, wakaendelea. Akasimama nje ya dirisha akijifanya anakagua maua, akasikia "ss ss ss", na ndani yake, kwa masikio ya mtu mwenye lake rohoni, akalisikia jina lake. Chapati ya saa nne ikamshinda. Akajiuliza ni nani kinara wa jeshi hili, na alipochunguza aliona wazi kwamba minong'ono yote ilianzia kwa mwanamke mmoja. Akamwita Dorotea ofisini.

"Mwalimu Dorotea," akaanza, amesimama, mikono nyuma, kama anayehutubia uwanja wa mpira, "mimi ni mtu wa amani. Nimeongoza shule hii kwa uvumilivu, kwa hekima na kwa kufuata miongozo. Nilikuwaga nakuheshimu na bado nakuheshimu. Kama una jambo na mimi, usilipeleke pembeni. Lilete mezani. Sema, unataka nini?"

Dorotea akakusanya nguvu zote zilizobaki katika koo lililochakazwa na wiki nzima ya kunong'ona. Alikusudia kusema, "Naomba tu kile kipaza sauti kilichomo kabatini." Maneno ya mwanzo yakafia njiani, na likafika moja tu.

"...kabatini."

Uso wa Pastory ukabadilika. Akaenda akafunga mlango. Akafunga na dirisha.

"Nani kakwambia?"

Dorotea akafumbua kinywa. Safari hii hapakutoka kitu, hata mnong'ono. Basi akakifumba, akamtazama tu. Hivyo ndivyo, kwa mara ya kwanza tangu atoke kwa daktari, Dorotea binti Masatu alivyonyamaza kikwelikweli, na hapo ndipo vita vilipogeuka.

"Sawa," akasema Pastory, akiketi. "Sawa. Kabatini hakipo, limebaki boksi. Lakini usilichukulie vibaya, madamu. Wewe ni mtoto wa mkulima, unawajua kwelea kwelea. Nina mtama kule Buswahili. Wale ndege wanashukaga kama mvua, na mke wangu anachokaga kushinda pale anapiga debe. Sasa kile chombo kinarekodi, unaona? Unaweka sauti mara moja, kinaita chenyewe kutwa nzima. Nikasema nikiazime wiki moja."

Dorotea akamtazama.

"Mwezi mmoja," akasema Pastory.

Dorotea akameza mate. Kumeza kulimuuma, akakunja uso. Pastory akaona dharau.

"Tangu Januari! Haya, tangu Januari! Na ile chupa ya chai ya wageni nayo iko kulekule, nayo itarudi. Na lile jamvi la ofisi." Akajipangusa paji la uso. "Wewe unataka niseme nini tena? Kichukue! Kitarudi kesho na kitakuwa cha Darasa la Kwanza moja kwa moja. Na ruhusa yako nenda, wiki mbili, Nyamburi na Gaudensia watakushikia darasa. Ila nakuomba, kule wilayani hili lisifike."

Kadiri shujaa wetu alivyozidi kukosa sauti, ndivyo adui alivyozidi kukosa siri. Ni mapambano mangapi makuu yaliyokwisha hivyo, upande mmoja usijue kama vita vimeanza? Dorotea alitoka ofisini akiwa na siri ya mtama, ya jamvi na ya chupa ya chai, pamoja na ruhusa, na siku hiyo hakuwa ameomba hata kimoja kati ya hivyo. Moyoni alikasirika sana. Koo lake lilikuwa limeota sugu, na ndege wa Buswahili walikuwa wanahutubiwa kwa betri.

Akaenda kwa Daktari Brenda, akagombezwa vizuri ("Kunong'ona nako ni kusema, mama, tena ni kusema kwa kukamua!"), kisha akakaa kimya nyumbani, akipika, akifua, akiitikia shikamoo za watoto wa jirani kwa kichwa. Majirani wakasema ameanza kuringa, na alivumilia hata hilo.

Siku ya kurudi ilipofika, jua lilichomoza juu ya Bweri kama kawaida yake, lakini sisi tutasema lilichomoza kwa fahari. Dorotea akaingia darasani akiwa amevaa mkanda begani na kipaza kiunoni, kikiwa bado na alama nyeupe za wale maadui wenye mabawa. Hakuna mtu aliyekuwa amekijaribu tangu kirudi. Akakiinua mdomoni. Akabonyeza kitufe chekundu.

"HOOO! TOKENI! TOKENI, WEZI WAKUBWA NYIE! MNAMALIZA CHAKULA CHA WATU! TOKENI!"

Ilikuwa sauti ya Mwalimu Mkuu Pastory, na Darasa la Kwanza liliijua. Hakuna mtoto aliyesubiri kuuliza. Walitoka kwa mlango, walitoka kwa madirisha, walitoka wakipita juu ya madawati na juu ya wenzao. Amri ikavuka ukuta, na Darasa la Tatu nalo likatoka, Nyamburi akiwa katikati yao na rula mkononi. Kwelea kwelea wa Buswahili hawakuwahi kutii hivyo hata siku moja.

Walimu wakamiminika barazani. Pastory naye akatokea, miwani imepinda.

"Mkuu, si sauti yako hiyo?" akauliza Nyamburi, aliyekuwa amekwisha kurudiwa na ngurumo yake. "Wezi gani hao? Na chakula cha watu ni kipi?"

"Ni majaribio," akasema Pastory. "Majaribio ya vifaa."

"Ya kufukuza wanafunzi?" akauliza Gaudensia, wala hakunong'ona.

Pastory akarudi ofisini mwake, akafunga mlango, na kwa siku hiyo shule haikupata hotuba.

Lakini uwanjani kulikuwa na hatari. Watoto mia na thelathini walikuwa wametawanyika mpaka kwenye ua wa katani, wengine wakilia, wengine wakielekea barabarani kwenye bodaboda. Zamani Dorotea angekaza mguu na kuwaita kwa ukelele mmoja. Alitaka sana kufanya hivyo, kwa sababu alikuwa mwalimu na wale walikuwa watoto wake. Akajizuia. Akatafuta kitufe kingine, akakipata, akaweka mdomo karibu na kusema kama mtu anayezungumza na aliyekaa ubavuni pake.

"Rudini ndani, wanangu. Taratibu. Hakuna aliyekosa."

Sauti ilikuwa ndogo, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo. Kipaza kikaibeba mpaka kwenye ua. Watoto wakasimama. Wakatafutana kwa macho kujua ni nani anayesema, kwa sababu sauti hiyo hawakuwahi kuisikia. Kisha wakarudi, mmoja mmoja, wakaketi.

Dorotea akaandika ubaoni, akasoma kwa sauti ileile, "Ba. Be. Bi. Bo. Bu." Wakamfuatisha polepole, wakishusha sauti zao ili waisikie yake. Ng'ambo ya ukuta Nyamburi akasikika akiwaambia watu wake, kwa upole asiouzoea, kwamba mbili mara tatu ni sita na hakuna haja ya kuipigia kelele.

Ndipo msichana mmoja wa sakafuni, aitwaye Kija, akanyoosha mkono.

"Madamu, leo hutugombezi?"

Dorotea akakishusha kipaza. "Nilikuwa nawagombeza lini?"

"Kila siku," akasema Kija. "Ulikuwaga unatugombeza ba be bi bo bu."

"Nilikuwa nawafundisha, mwanangu."

Kija akafikiri. "Aaa," akasema. "Sisi tulijuaga tumekosa."

Dorotea akageukia ubao, akaufuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi. Kisha akawageukia tena.

Basi iandikwe, enyi wa Musoma, enyi wa Bunda, na ninyi wa Butiama mnaochunga mtama wenu! Wenye kuchonga sanamu na wachonge, wenye kupanga sikukuu na wapange, na wageni rasmi wavumilie kwa mara moja kutumia midomo yao wenyewe. Iandikwe kwamba asubuhi ile pale Bweri, Dorotea binti Masatu alisema "Fungueni madaftari" bila kupiga kelele, na watoto mia na thelathini na ushee wakafungua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaogopa.